Simu Iliyojingoja

Fundi Barasa alizikwa kwao Bungoma siku ya Alhamisi, na wiki iliyofuata mjane wake, Mama Nafula, akanipigia niende Kondele kuchukua kitu changu. Nilijua ni kitu gani. Njia nzima nilikuwa nikiomba kiwe kimepotea. Nilienda na Awino, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa amerudi kutoka chuo kikuu cha Bondo kwa ajili ya matanga, kwa sababu Barasa ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli na kusoma saa. Tulikuta nyumba imefagiliwa vile nyumba zenye msiba hufagiliwa, mara nyingi mno, hadi sakafu inaonekana imechoka. Viti vya plastiki vya kukodi vilikuwa bado vimepangana ukutani. Mama Nafula alitupa chai na viazi vitamu, akatutazama tukila, kisha akaingia chumbani akarudi na kopo la biskuti lililozungushwa selotepu. Juu ya kifuniko Barasa alikuwa ameandika kwa ile kalamu nene aliyokuwa akiandikia majina ya wateja: YA ACHIENG'. USIFUTE.

"Aliniambia hata njaa ikiingia hapa, hiyo kopo haiuzwi," Mama Nafula alisema. "Mimi nilidhani ni dhahabu. Kila mwaka naipanguza vumbi nikisema, siku moja huyu mzee atanishangaza."

Awino alicheka, akaanza kubandua selotepu kwa kucha kabla sijamzuia. Ndani kulikuwa na soksi, na ndani ya soksi simu nyeusi iliyopasuka kioo pembeni, yenye tundu tupu mahali ambapo kitufe cha sauti kilikuwa. Aliigeuza mkononi. "Ni ya nani?"

"Ya Mama," nikasema.

"Mama gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Alikuwa na miaka mitano mama yetu alipokufa, na tangu hapo neno lile limekuwa la watu wengi: mama wa jirani, mama wa kanisa, mimi mwenyewe siku akiwa mgonjwa. Nilichukua simu nikairudisha kwenye soksi. Usiku na mchana wa wiki ile nilikuwa nikiufikiria mwaka mmoja, nao ndio ninaouandika hapa, kabla sijapata nafasi ya kuupamba.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Barasa alinichukua kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu kwa sababu, kama alivyomwambia kila mteja aliyeshangaa kuona msichana pale, nilikuwa na vidole vyembamba na mdomo mdogo. Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa mlango mmoja. Tuliketi magoti yakigusana, kati yetu meza ya mbao iliyojaa alama za kuungua, na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya iliingia hadi kwenye chakula. Mchana tulikula omena na ugali kutoka kwa mama mmoja aliyepita na beseni kichwani, na Barasa hakuacha kamwe kumwambia kwamba watu wa ziwa hula samaki wadogo ili wakubwa wauziwe Wabukusu wa kwao. "Na nyinyi mnakula kuku mpaka mnaota manyoya," mama yule alimjibu kila siku, kwa maneno yale yale, na kila siku walicheka kama ni mapya.

Pale ndipo nilipojifunza kuruti. Simu hutoka kiwandani na kufuli ndani yake. Mwenye simu ni kama mpangaji, anaruhusiwa kukaa lakini hatoboi ukuta. Kuruti ni kuvunja ile kufuli ili uwe mwenye nyumba. Ukishakuwa mwenye nyumba, unaweza kufika hata mahali simu inapohifadhi utaratibu wake wa kuamka. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha, anaona nembo tu inang'aa, lakini nyuma ya ile nembo simu inasoma mafaili yake moja baada ya jingine, na kufanya kila ilichoandikiwa, kabla haijaonyesha uso. Unaweza kuweka faili lako pale, mistari michache tu, na kila simu ikiamka itakutii. Tuliita skripti. Wateja walitaka skripti za kufanya simu nzee iende haraka au betri idumu. Barasa alinifundisha kuziandika kwenye kompyuta yake ya mkononi iliyokuwa na herufi tatu zilizong'oka. "Simu ni kama mzee wa kanisa," alisema. "Ikiamka ina utaratibu wake. Ukimkatiza hapo, siku yote imeharibika."

Mama alilazwa hospitali kubwa ya mjini mwezi wa pili wa mwaka ule. Alikaa wadi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka dirishani, na kutoka pale ungeweza kuona kipande cha ziwa kisichozidi kitambaa cha mkono, kijani kwa magugu. Kitanda cha jirani alilala Mama Risper, mwanamke mkubwa mwenye mguu uliovunjika na sauti ya kuita ng'ombe. Saa za kuona wagonjwa zilikuwa chache, na mimi nilikuwa na kibanda, na wadogo zangu, Okoth mwenye miaka kumi na miwili na Awino, na chumba kimoja Nyalenda chenye jiko la makaa mlangoni. Simu ya Mama betri yake ilikuwa imechoka. Ukiiacha ikiwaka haifiki jioni. Na Mama mwenyewe vidole vilikuwa vimeanza kumkataa. Kutafuta jina langu kwenye kioo lilikuwa jambo la robo saa na jasho.

Kwa hiyo nilimwandikia skripti. Sijawahi tangu hapo kuandika kitu kwa fahari kama ile. Simu ikae imezimwa. Akinihitaji, abonyeze kitufe kimoja tu cha kuwasha. Simu iamke, ingoje dakika moja, kisha inipigie yenyewe, kwa sauti ya juu, bila yeye kugusa kitu kingine. Nilimwonyesha. Alibonyeza, tukangoja, na simu yangu ikalia mkononi mwangu palepale kando ya kitanda. Mama Risper aliinua kichwa. "Wengine tunaita Mungu, haitiki. Wewe unaita mtoto kwa kidole."

Kwa majuma mawili Mama alinipigia karibu kila siku. Nikifika mbio na roho mkononi, nakuta amekaa ananitazama. "Nilikuwa nahakikisha tu kama umeshika kazi," alisema. Siku nyingine aliniuliza tu kama Awino amekula.

Halafu siku mbili zikafuatana simu haikuita. Nilipofika alikuwa amenuna. Alikuwa amebonyeza mara tatu. Nilielewa: mtandao pale wadini ulikuwa dhaifu, dakika moja haikutosha, skripti ilipiga kabla mtandao haujapatikana, na simu ikakata tamaa. Nikasema nitairekebisha. Niliipeleka kibandani asubuhi iliyofuata, nikaondoa ile dakika moja na kuandika kwamba simu ingoje hadi mtandao upatikane, hata ikiwa saa nzima, ndipo ipige. Barasa alikuwa amekwenda kununua vipuri. Hakukuwa na mtu wa kuangalia begani mwangu.

Nitaeleza kosa langu vizuri, maana nimelibeba miaka mingi na sitaki lionekane dogo wala kubwa kuliko lilivyo. Ukiiambia simu ingoje wakati wa kuamka, ni lazima uweke alama ndogo mwishoni, alama moja tu, inayosema: jambo hili lingojee pembeni, mengine yaendelee. Bila alama ile, kila kitu kinasimama nyuma ya lile linalongoja. Sikuiweka. Na mtandao haupatikani mpaka simu imalize kuamka. Kwa hiyo simu ilikuwa inangoja mtandao, na mtandao ulikuwa unangoja simu, na hakuna ambaye angekuja. Fundi wa wiki ya pili analijua jambo hilo. Mimi nililijua. Nilikuwa na haraka.

Nilifika wadini dakika za mwisho, muuguzi akiwa tayari anasema wageni watoke. Niliiwasha simu nione. Nembo iling'aa. Muuguzi akasema, "Dada, kesho pia ni siku." Niliiona nembo inang'aa, nikajiambia inatosha, nikaizima, nikaiweka mkononi mwa Mama nikaondoka.

Alikufa kesho yake saa nne asubuhi. Saa ile mimi nilikuwa kibandani na simu yangu mezani, kioo juu, nikiitazama kila baada ya skrubu moja. Nilifurahi kwamba haikulia. Nilidhani amelala vizuri.

Mama Risper ndiye aliyenisimulia, huku nikikusanya vikombe na kanga za Mama kwenye mfuko. Hakujua anachonifanyia. "Alibonyeza," alisema. "Ikawaka. Nikamuuliza, huyo mtoto anakuja? Akasema, bado inamtafuta. Akaiweka hapa, juu ya kifua, ikiwa inang'aa hivyo. Hakulalamika. Alikuwa anaingoja tu." Kisha akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, kuna jambo. Wiki jana aliniomba nimbonyezee pale pa kunasa sauti. Aliacha maneno humo ndani. Ya watoto. Alisema ni ya siku ndugu watakapokaa. Mimi niligeukia ukuta, maneno ya mtu na watoto wake si ya jirani."

Tulimzika kando ya baba yetu, nyumbani kwa watu wa baba, maili chache kutoka Bondo. Kwetu marehemu akiwa mwanamke watu hukaa siku tatu, kisha wakubwa huketi na kusema mambo ya waliobaki. Lakini mambo husemwa kabla ya kusemwa. Siku ile ile ya mazishi nilikuwa nyuma ya jikoni nikisugua sufuria kwa majivu, na ndani wake wa ukoo wanakoroga ugali wa watu mia. Walizungumza Kijaluo, nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Huyu mvulana abaki hapa, ana mgongo wa kazi."

"Na kadogo?"

"Kadogo ni ka Awasi. Dada ya marehemu anayekaa kule hana mtoto. Hukuona ameshaleta hata viatu?"

"Na mkubwa?"

"Mkubwa si ataolewa. Yule hata nusu mwaka hamalizi."

Wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu wenye moto usoni na kazi mikononi. Nilichungulia. Mama mdogo wa Awasi alikuwa amekaa kivulini peke yake, na kwenye mapaja yake mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko viatu vidogo vyekundu. Awino alikuwa amesinzia akimwegemea. Sijui kama naweza kueleza nilichohisi. Mama alikuwa amekwenda, na sasa hata kile alichokiacha kilikuwa kinagawanywa kama nyama ya matanga, kila mtu na kipande chake, kwa wema kabisa. Nilikwenda nikasimama mbele ya baba mkubwa, ambaye alikuwa kaka wa baba yetu na sauti yake ndiyo ilikuwa ya mwisho pale.

"Baba," nilimwambia, "Mama aliacha neno. Liko kwenye simu."

Alikuwa mtu wa haki, na nasema hivyo bila kejeli. "Kama lipo, lilete siku ya tatu tulisikie. Neno la marehemu halipingwi. Lakini kama halipo, Achieng', usinichezee mbele ya watu."

Niliondoka asubuhi iliyofuata, siku za matanga hazijaisha, na wanawake walinisindikiza kwa midomo. Nilikuwa nimeshajaribu nilichoweza. Simu ikiwashwa ilionyesha nembo, ikakwama hapo, baada ya muda ikajizima na kuanza upya, nembo tena. Kila fundi wa Bondo angeniambia dawa: ifute yote, itaamka kama mpya. Ingeamka kweli, na sauti ingekuwa imekwenda. Kulikuwa na njia moja tu. Simu ile ilikuwa ikiiamini kompyuta moja duniani, ile ya Barasa, ambayo niliiunganisha nayo tangu mwanzo. Kompyuta nyingine yoyote ingekataa. Nilifika Kondele nikakuta kibanda kimefungwa. Jirani wa mitumba akaniambia, bila kuinua macho, "Mito imefurika. Huyo si unajua yuko wapi?"

Nilijua. Kila mto Nyando ukifurika, Barasa alihamia Ahero. Nilimkuta kwenye baraza ya duka la mbolea, ameweka meza, maji ya kahawia yamejaa mashambani hadi karibu na barabara, na mbele yake foleni ya watu wenye simu zilizolowa. Wengi walikuwa wamezileta ndani ya bakuli za mchele. "Watu wa Ahero mna mchele wa kukausha simu za dunia nzima," alikuwa anamwambia mzee mmoja. "Sasa toa simu, mchele nipikie." Aliponiona aliacha mzaha. Alikuwa amesikia habari za Mama. Alisimama, akaniachia kiti chake, akaiambia foleni, "Mnisamehe, wazazi. Huyu ni wangu."

Nilimweleza yote. Niliposema juu ya ile alama niliyoisahau, alitazama maji. Hakusema si kosa langu. Ningemchukia angesema. Alisema, "Lete waya."

Simu iliyokwama namna ile husikika kwenye kompyuta sekunde chache tu mwanzoni, kisha inakuwa kama jiwe. Ndani ya sekunde zile ilibidi tuufungue mlango unaozuia kuandika ndani ya simu na kuliondoa faili langu. Kwa mkono haiwezekani. Nilijaribu mara sita, kila mara kidole kikichelewa. Barasa alikuwa akihesabu mara za kuwaka, na betri ilikuwa inashuka haraka kuliko chaja ilivyopandisha. Mwishowe nikafanya lile ambalo lilikuwa kosa mahali pengine: niliiandikia kompyuta ingoje. Ikae macho, simu ikitoa pumzi ya kwanza tu, ifungue mlango na kulihamisha faili, yote kwa mkupuo mmoja. Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nembo ikang'aa. Kwenye kompyuta mstari mmoja ukaruka. Na nembo ikaondoka, na picha ya Awino akiwa mchanga, ile Mama aliyoiweka kwenye kioo, ikatokea.

Sikungoja. Nilitafuta sauti nikabonyeza.

"Achieng'. Mama Risper, hii kitu imeanza? Imeanza. Achieng', watu wa baba yako watakuja na maneno. Usipigane nao. Okoth akae kwa baba yake mkubwa, kuna ng'ombe, kuna maziwa, atashiba. Awino mpeleke kwa dada yangu kule Awasi, atampenda kama wa tumbo lake. Na wewe rudi shule. Usinibebee watoto, wewe mwenyewe ni mtoto. Nimeiona mikono yako ilivyoungua. Rudi shule, unasikia?" Alikohoa muda mrefu. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya mlangoni jioni, ya kumwita mdogo kutoka kwa majirani: "Awi, Awi, Awi! Umekula?" Akacheka kidogo. "Izime sasa."

Mzee wa bakuli la mchele alivua kofia. Mimi nilitazama kioo mpaka kikazima mwanga chenyewe. Nilikuwa nimekuja kuchukua fimbo ya kuwapiga nayo, nami nikakuta imenielekea. Najua leo kwamba ulikuwa upendo, kwamba alikuwa ananifungulia mlango ambao hakuna mwingine angenifungulia. Siku ile nilisikia jambo moja tu: kwamba kesho yake Okoth angebaki kule, na Awino angekwenda huku, na mimi ningerudi Nyalenda kwenye chumba kimoja chenye kitanda kikubwa mno. Nilikuwa nimemkosa Mama kwa alama moja. Sikuwa na uwezo wa kuwapoteza na wao kwa amri yake.

"Fundi," nikasema, "ulisikia?"

Barasa alikuwa ameishi kati yetu miaka ishirini. Alikuwa akigombana na wauza samaki kwa Kijaluo safi. "Mimi sikusikia kitu," alisema. "Kijaluo changu ni cha kununua mbuta."

Nikavuta kompyuta. Alipoona ninachoandika aliweka mkono juu ya kibodi. "Achieng'. Ukilirudisha hilo faili, unamnyamazisha mara ya pili."

"Toa mkono, Baba."

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Aliutoa. Nililirudisha faili langu mahali pake, na kosa lake ndani, kama lilivyokuwa. Nikaiwasha nihakikishe. Safari hii niliitazama mpaka mwisho. Nembo iling'aa, ikakwama.

Siku ya tatu tuliketi ndani ya nyumba ya baba mkubwa, wanaume kwenye makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, wanawake kwenye mkeka. Niliiweka simu juu ya stuli katikati nikabonyeza. Watu zaidi ya ishirini waliinama.

"Inafanya nini?" baba mkubwa aliuliza.

"Inaamka, Baba."

"Basi tungoje."

Tulingoja. Chai ilipoa ikafanya utando. Kuku aliingia, akafukuzwa, akaingia tena. Baba mkubwa alivaa miwani akaisogelea ile nembo kama anasoma jina la mtu. Ikazima, ikawaka. "Fundi gani simu ya mamake inamshinda?" binamu mmoja akasema, na wengine wakaguna kwa kicheko. Mama mdogo wa Awasi hakucheka. Alinitazama mimi, si simu, na viatu vilikuwa bado kwenye mfuko.

"Imekwama," nilisema mwishowe.

"Wewe uliyasikia hayo maneno?"

"Niliyasikia."

"Alisema nini?"

Ningeweza bado kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi. "Alisema tusigawanywe," nikasema. "Alisema tukae watatu, mimi nao."

Baba mkubwa alivua miwani. "Neno la marehemu halipingwi," alisema polepole. Kisha, "Lakini ukishindwa, usije kulia kwenye mlango huu." Mama mdogo aliondoka kabla ya chakula. Viatu aliviacha kizingitini. Vilikuwa vikubwa kwa Awino, akavivaa na matambara mbele mwaka mzima uliobaki.

Mwaka huo uliobaki sitaupamba. Tulikunywa uji mara mbili kwa siku na tukaita moja yake chakula cha jioni. Okoth aliugua malaria nami nikamweka kibandani chini ya meza, miguu yetu juu yake. Mara tatu niliitoa simu kwenye soksi ili nimpelekee baba mkubwa na kuungama, na mara moja, Awino alipolia kwa njaa mpaka akalala katikati ya kilio, niliiunganisha kompyuta nikataka kuifuta yote, ili kusiwe na ushahidi kwamba kulikuwa na njia nyingine. Barasa ndiye aliyeninyang'anya. "Nitaiweka mimi," alisema. "Siku ukiwa na nguvu ya kusikiliza, utaidai." Hakuitaja tena mpaka akafa. Sikurudi shule. Okoth naye aliacha kidato cha pili kama mimi, leo anatengeneza injini za boti kule Dunga na hapendi kulizungumzia jambo hilo. Awino alifika chuo kikuu. Watu husema nilifanya kazi kubwa, nami hukubali sifa zile nikitazama chini, wanadhani ni unyenyekevu.

Jumapili baada ya kutoka kwa Mama Nafula niliwaita wote wawili kibandani. Bado nina kibanda kile, nimekipanua kidogo, na kompyuta ile ya Barasa iliyong'oka herufi bado inawaka ukiibembeleza. Nilitafuta betri ya kufanana. Niliwaambia kila kitu kwanza, alama niliyoisahau, kifua cha Mama, Ahero, stuli ya baba mkubwa, ili wasiisikie sauti ya Mama kabla ya kuyasikia hayo kwangu. Okoth alikuwa ameegemea mlango na mikono yenye grisi. Awino hakuniangalia. Niliandika amri ile ile ya kungoja, nikaondoa mikono. Nembo iling'aa. Ikaondoka.

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Iliposema ng'ombe na maziwa Okoth alitoa hewa puani, karibu na kicheko. Iliposema rudi shule, wote wawili walinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka yote kwa swali moja, kwa nini, na nilikuwa na majibu mengi.

Ilipokwisha, Awino aliivuta simu kwake. Alirudisha nyuma, akapitisha ng'ombe na maziwa, akapitisha Awasi, akapitisha shule, mpaka baada ya kikohozi. Awi, Awi, Awi! Umekula? Akairudisha tena. Na tena. Alikuwa ameiweka sikioni, vile mtu anavyopokea simu.

"Ndivyo alivyokuwa akiniita?" aliniuliza.

"Kila jioni," nikamwambia.

"Sikuwa najua sauti yake, Achieng'," alisema. "Miaka yote hii. Ningekuwa nimeijua."